Ndege Yenye Swichi Tu

Ufunguo wa Vespa hauwashi kitu. Wauzaji hawalisemi hili, na wanunuzi hawaliulizi. Mtu anaingiza ufunguo, anazungusha, anapiga kiki, mashine inaitika, naye anaondoka kifua mbele akidhani yeye na ufunguo wake ndio waliofanya kazi. Kumbe ufunguo umeacha kuzuia, basi. Kwenye zile Vespa za aina ya PX zisizotegemea betri, ambazo zimejaa mitaa ya Unguja pamoja na ndugu zao waliotengenezwa India, umeme wa plagi huzalishwa na injini yenyewe pale mguu unaposhuka. Swichi ikiwa imefungwa, umeme huo hupitishwa kwenye waya mmoja wa kijani, ukarudishwa kwenye bodi ya chuma, ukafia huko. Swichi ikifunguliwa, njia hiyo hukatwa. Umeme unakosa pa kukimbilia, unakwenda kwenye plagi. Waya wa kijani ukikatika, uwe umekatwa na panya, kutu au mwizi, Vespa inakuwa ya yeyote mwenye mguu.

Mpango huu ukikushangaza, lawama ipeleke angani. Piaggio, kabla ya kutengeneza Vespa, ilikuwa kampuni ya ndege. Kiwanda chake cha Pontedera, Italia, kilipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha hapakuwa na mtu wa kuagiza ndege za vita kutoka Italia. Watu walitaka kitu cha kuwapeleka kazini na kuwarudisha. Enrico Piaggio akamkabidhi kazi hiyo Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye mwaka 1930, huko Ciampino karibu na Roma, helikopta yake ilipanda mita 18 na kukaa hewani zaidi ya dakika 8. Bwana huyo hakuzipenda pikipiki hata kidogo: zinachafua nguo, mnyororo uko nje, na pancha yake ni kazi ya nusu siku. Akaifunika injini, akautupa mnyororo, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu, namna magurudumu ya ndege yanavyoshikwa. Hati ya ubunifu ikasajiliwa tarehe 23 Aprili 1946, injini ikiwa na sisi 98. Hivyo ukimwona mzee anakata kona ya Sokomuhogo na mkungu wa ndizi katikati ya miguu, jua kwamba ameikalia kazi ya mtu wa helikopta.

Na ndege ndogo za injini ya pistoni nazo huzimwa kwa mtindo huo huo. Kwa kawaida injini zake zina magineto mbili, yaani vizalishaji vya umeme wa plagi, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikigoma nyingine iendelee. Swichi ya rubani inazirudisha magineto hizo kwenye bodi wakati wa kuzima. Waya wake ukikatika, injini haizimiki. Waliopanga hivyo walikuwa na sababu: hewani, injini inayokataa kuzima ni kero, injini inayokataa kuwaka ni msiba. Gharama ya uamuzi huo inalipwa ardhini. Rafadha iliyotulia, swichi imefungwa, ufunguo uko mfukoni, inaweza kuguswa na mtu ikazunguka ghafla na kumkata mkono, kwa kuwa waya fulani ulikwishakatika kimya kimya. Ndiyo maana mafundi wa ndege wanafundishwa kuiheshimu kila rafadha kana kwamba iko hai.

Haya yote nimeyapata kwa mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi wa ndege Kisauni na anahubiri kila anachojifunza. Nitamrudia. Kwanza nieleze kwa nini mwalimu wa sekondari anayekaa Mkunazini, mwenye Vespa nyeupe ya umri wa makamo, alijikuta anatafuta swichi salama.

Ilianzia msikitini, Malindi, baada ya sala ya Isha. Viatu vikibadilishwa msikitini hapana kesi: unavaa vilivyobaki, unasamehe, unakwenda zako. Usiku ule zilibadilishwa Vespa. Nje palikuwa na Vespa nyeupe mbili zimeegemea ukuta mmoja, na swichi yangu ilikuwa imechakaa kiasi cha kukubali ufunguo wowote utakaoingia. Ya mwenzangu nayo haikuwa na ubaguzi. Akapanda yangu mpaka Bububu. Nikapanda yake mpaka Mkunazini. Kilichonishtua njiani ni breki. Nilibonyeza, ikasimama. Nikajua hapo hapo kwamba chombo si changu.

Asubuhi tulikutana kubadilishana, kila mmoja na salamu ndefu za aibu. Yeye alikuwa amefungua sanduku la mbele akitafuta jina la mwenyewe, akakuta madaftari ya wanafunzi wangu. Jina langu alilipata, na vilevile alipata nafasi ya kuyasoma. "Mwalimu," aliniambia akinirudishia, "yule kijana wa daftari la tatu umemwonea. Jibu lake linakubalika." Nilimshukuru. Kuhusu breki zake sikusema neno, lakini niliiacha Vespa ile kwa majonzi.

Fundi wangu wa Mlandege alitazama swichi, akatazama shada la funguo nililoning'iniza hapo, akatikisa kichwa. Shada hilo lilikuwa na ufunguo wa geti, wa kabati la maabara, wa stoo ya vitabu, wa kufuli la nyumba ya marehemu bibi yetu, na wa kitu ambacho hakuna anayekikumbuka lakini hakuna anayethubutu kuutupa. "Huu mzigo wote unacheza ngoma juu ya swichi kila ukiruka shimo," alisema. "Ufunguo unakula tundu, tundu linakula ufunguo."

Anayedhani fundi alikuwa anatafuta la kusema na akumbuke General Motors. Mwaka 2014 kampuni hiyo ya Marekani iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 yarudishwe, kwa sababu swichi yake ya ufunguo ilikuwa legelege. Shada zito la funguo, au mtikiso wa barabara, uliweza kuirudisha swichi nyuma gari likiwa mbioni: injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva inakosa umeme wa kufunguka. Mfuko wa fidia uliwalipa jamaa za watu 124 waliokufa. Kitu cha bei ya vikombe vichache vya kahawa, ndani ya gari la mamilioni. Tangu siku ile ya fundi, ufunguo wa nyumba ya bibi unalala ndani ya kabati, na kabati halifungwi.

Sasa, Mji Mkongwe huwezi kuwa na shida peke yako. Nililitaja jambo hili barazani, Jaws Corner, kikombe cha kahawa kikiwa bado cha moto, na kabla hakijapoa nilikuwa nimeshapewa dawa za kutosha kulinda benki.

Mzee wa kwanza alisema mnyororo na kufuli. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye kitu cha kufungia. Vichochoro vyetu vina milango ya nakshi, vina mabaraza na madirisha ya watu. Niliifunga kwenye nondo za dirisha la jirani kwa ruhusa yake, na jirani akafurahi kupata mlinzi wa dirisha. Kesho yake alfajiri kaka yake akaja na kitanda cha kuingiza ndani. Kitanda hakikupita, kwa sababu ya Vespa. Vespa haikuondoka, kwa sababu ya kufuli. Kufuli halikufunguka, kwa sababu ya hewa ya chumvi. Tuliongezewa washauri mpaka kichochoro kikaziba kabisa, wakiwamo watalii wanne waliodhani hayo ndiyo maonyesho waliyolipia.

Wa pili alisema king'ora cha kisasa, kinacholia chombo kikiguswa. Nikakinunua, pamoja na betri ndogo ya kukilisha. Aliyekitengeneza hajui habari za paka wa Mji Mkongwe. Kiti cha Vespa iliyotoka juani ndicho kitanda cha paka tangu Vespa zilipofika hapa, na paka wetu hawakubali kuondolewa katika haki zao kwa kelele. Paka anapanda, king'ora kinalia, jirani anafungua dirisha, paka anamtazama jirani. Usiku wa manane ulikuwa na vipindi vingi vya namna hiyo. Baada ya Ramadhani kupita, mama watoto alikikata king'ora kwa kisu cha jikoni na kukizika kwenye debe la taka. Betri akaibakisha, maana alisema ile haina kosa.

Wa tatu alisema swichi ya siri: waya wa kijani upelekwe chini ya kiti kwenye kijiswichi ambacho mwenyewe tu anakijua. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini Vespa ina kata nyingi. Fundi aliyeifunga alijua. Mwanawe aliyemshikia tochi alijua. Mwanangu wa kiume aliigundua siku ya kwanza, na wenzake wa chuoni wakaijua siku ya pili. Waliobaki gizani tulikuwa mimi na mke wangu: yeye kwa kuwa hakuambiwa, mimi kwa kuwa nilisahau kuiwasha kila mara, nikapiga kiki mbele ya shule nzima huku mwanafunzi wa kidato cha kwanza akija kwa adabu, mikono nyuma, kuniambia, "Samahani Mwalimu, ile ya chini ya kiti."

Wa nne, mvuvi mstaafu asiyesema sana, alisema: "Funga bomba la mafuta." Akanywa kahawa yake. Alipobanwa aeleze, akasema mwizi ataondoka kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, halafu itamzimikia njiani. "Utaikuta Mnazi Mmoja," alisema. "Umeepukana na kuitafuta." Baraza likacheka na kuendelea na mambo ya siasa.

Ndipo alipoingia mpwa wangu.

Mpwa wangu anajenga ndege. Huko Marekani hilo si jambo la ajabu. Kuna chama cha watu wanaojijengea ndege nyumbani kilichoanzishwa mwaka 1953, na kila mwaka maelfu yao hukusanyika Oshkosh, Wisconsin, wakiwa na ndege walizozifunga wenyewe karibu na mashine za kufulia. Mpwa wangu anajenga ya kwake Fuoni, uani kwa mama yake. Kufikia siku hiyo ndege hiyo ilikuwa na swichi.

Ilikuwa swichi nzuri, sikatai: nzito, ya duara, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya boksi la viatu. Alijinyima mengi, akamwagiza mtu aliyesafiri. Dada yangu, ambaye uani kwake kamba za kuanikia ziliondolewa kupisha kiwanda, aliuliza mabawa yako wapi. Akaambiwa yatakuja. Hiyo ni sawa na kushona kanzu ya harusi kabla ya kuposa, na dada yangu alimwambia hivyo, lakini kijana alikuwa na hoja yake. Mabawa, alisema, yamo kwenye ramani: unapima, unakata, unapiga ribiti. Swichi ndiyo inayotaka kufikiri.

Akatueleza barazani, kahawa ya pili. Wajenzi wa ndege za nyumbani wana makundi mawili. Kundi la kwanza linataka ufunguo, kama ndege ndogo za kiwandani, wenye hatua tano: kuzima, magineto ya kulia, magineto ya kushoto, zote mbili, na ya mwisho ya kuwashia stata, ambayo ukiiachia inarudi yenyewe. Hao wanasema ufunguo unazuia mtoto, mgeni na mpita njia. Kundi la pili linataka vijiswichi viwili vya kupandisha na kushusha, kimoja kwa kila magineto, na kitufe cha stata chenye kifuniko. Hao wanasema ufunguo ni kitu kimoja kinachobeba kazi tano, na kikifa zinakufa zote. Tena ufunguo unampa mtu imani isiyo na msingi, kwa kuwa anaushika mkononi anadhani ameishika injini. Kundi la kwanza likajibu kuwa kitufe hubonyezwa na goti la abiria. La pili likajibu: weka kifuniko, kiweke mbali na magoti, na ukipange kisifanye kazi mpaka swichi nyingine iwe imepandishwa.

"Na mwizi?" aliuliza mzee wa mnyororo.

"Mwizi anayejua kurusha ndege, mjomba, hashindwi na ufunguo," alisema mpwa wangu. "Wenye akili wanafunga rafadha kwa kufuli, au wanafunga banda."

Mvuvi mstaafu alitikisa kichwa kuafiki.

Halafu kijana akanitazama kwa macho ninayoyafahamu tangu akiwa mdogo, macho ya mtu anayetaka kukupa kitu ili akitumie yeye. Swichi yake, alisema, inahitaji kujaribiwa. Vespa nayo ina magineto. Kanuni ni ile ile. Kwa nini isikae kwangu kwa muda, mabawa yakitafutwa?

Tukaenda Mlandege. Fundi alitandika ukurasa wa *Zanzibar Leo* juu ya boksi la soda, akaifungua swichi yangu ya zamani ili tuuone mwisho wake. Ndani mlikuwa na visahani viwili vya shaba, vimeota kutu ya kijani mpaka pembeni. Springi moja imekatika vipande viwili, na kipande kifupi kimejibana mahali ambapo hakikutakiwa kuwa. Na chini yake punje za mchanga mweupe, wa Nungwi au wa Jambiani, umekaa humo tangu safari gani Mungu anajua. Fundi alikwangua kisahani kimoja kwa msasa mpaka shaba ikang'aa kidogo, akakitazama, akakunja ukurasa na kila kilichokuwamo, akautupa.

Halafu akachukua ile ya ndege. Kwanza aliishika kwa vidole viwili. Akaunganisha mita yake, akawa anazungusha ufunguo hatua kwa hatua na kuandika sakafuni kwa chaki. Kwa kuwa Vespa ina magineto moja tu, waya wa kijani ulikwenda kwenye upande wa kushoto. Matokeo yakawa hivi: hatua ya kuzima, imekufa. Ya kulia, imekufa. Ya kushoto, hai. Zote mbili, hai. Ikabaki hatua ya tano, ile ya stata, na Vespa yangu haina stata.

"Waya hauachwi hivi hivi bila kazi, Mwalimu," alisema fundi. Mtu wa kazi huumia akiona tundu la skrubu liko tupu. Akaangaza macho, akaiona betri iliyonusurika kisu cha mama watoto, akaona honi. Akaviunganisha.

Kwa hiyo nikawa na chombo ambacho mgeni akikiwasha kwa ada ya magari, yaani kuzungusha ufunguo mpaka mwisho, kinampigia honi. Mpwa wangu alisema hilo halimo katika kitabu chochote. Fundi alidhani anasifiwa.

Mtaani nikaitwa Rubani. Watu waliniuliza ndege ya Pemba inaondoka saa ngapi, na kama mzigo unapimwa. Watoto walikariri zile hatua tano vizuri kuliko walivyokariri jedwali la kuzidisha. Na ulinzi wenyewe ulifanya kazi, kwani usiku mmoja, saa tisa, honi ililia kichochoro kizima. Madirisha yakafunguka juu na chini, mzee wa mnyororo akatoka na bakora, na katikati ya mwanga wa tochi tukamkuta shemeji yangu, amekaa juu ya Vespa, ufunguo mkononi, ameutoa kwenye msumari wa ukumbini. Alikuwa anawahi boti za samaki. Shemeji haibi; shemeji anaazima bila ya kukusumbua usingizi. Ila ni mtu wa magari, na mkono wake ulikwenda mpaka mwisho wa swichi.

Mama watoto alitoa hukumu akiwa dirishani: tangu tuanze kuhangaika na ulinzi, waliokamatwa ni paka, kitanda cha jirani, mume wake na kaka yake. Mwizi hajaonekana.

Kisha ikaja nikahi ya Bwejuu.

Mtoto wa binamu yangu alikuwa anaoa, na nikaondoka mapema na Vespa, kanzu nimeikunja magotini. Mwanakwerekwe, Tunguu, mpaka Jozani, ambako barabarani kumewekwa matuta ili magari yapunguze mwendo na kima punju wavuke salama. Matuta hayo yanawafaa sana kima. Waya mpya wa kijani, ambao fundi aliupitisha kwenye tundu la bati lisilo na pete ya mpira, haukupata faida yoyote. Kila tuta liliusaga kidogo kwenye ukingo wa bati. Mahali fulani baina ya Jozani na Kitogani ukakatika, wala sikujua, kwa kuwa Vespa yenye waya huo uliokatika inakwenda vizuri mno. Haina habari ya kufa tena.

Nilifika mbele ya msikiti nikazungusha ufunguo kuzima. Injini ikaendelea. Nikapeleka kulia, ikaendelea. Kushoto, inaendelea kama haki yake. Kwa kuchanganyikiwa nikazungusha moja kwa moja mpaka mwisho, na honi, ambayo ilikuwa na waya wake peke yake, mzima kabisa, ikalia.

Ndani shekhe alikuwa amefika kwenye ijabu na kabuli, ambayo mashahidi wawili lazima waisikie. Alisema maneno ya kuozesha. Bwana harusi akajibu. Mashahidi wakatazamana. Shekhe akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Bwana harusi naye akapandisha. Na Vespa nje, kwa ule moshi wa mafuta yaliyochanganywa na oili, ikawa inawapiku wote wawili. Mzee mmoja akatoa kichwa dirishani. "Yakhe, zima hiyo ndege!"

Njia ya kuzima chombo kilichogoma inajulikana: tia gia, kaza breki, achia kliachi, injini inakabwa. Lakini lazima breki zikamate, na hizo zilibaki Bububu. Nilitia gia, nikakaza, nikaachia, na Vespa ikaanza kutembea pole pole kuelekea kwenye vyungu vya pilau, mimi nimeburuza viatu mchangani. Kijana mmoja mwenye moyo akafungua kifuniko cha ubavuni ili achomoe kofia ya plagi kwa mkono mtupu. Mkono ulimrudia haraka kuliko alivyoupeleka. Akina mama jikoni wakaanza kuhamisha vyungu.

Hapo nikamkumbuka mvuvi. Nikainama, nikafunga bomba la mafuta. Vespa haikufa mara moja. Ilikula kilichobaki kwenye kabureta, ikapandisha sauti ya mwisho ya hasira, ikakohoa, ikazima hatua chache kabla ya pilau. Kimya kikaanguka, na ndani ya kimya kile bwana harusi, ambaye alikuwa ameshaizoea sauti ya juu, akapiga ukelele: "Nimekubali!" Nadhani hata Paje walisikia. Hakuna ndoa katika ukoo wetu yenye mashahidi wengi zaidi.

Mpwa wangu alinijia akiwa anang'aa. Nilidhani amekuja kuomba radhi. "Umeona, Mjomba?" alisema. "Imekufa vizuri! Ungekuwa hewani ungeshukuru."

Nilikuwa sina hali ya kushukuru, lakini njia nzima ya kurudi, nikiwa nyuma ya gari la samaki na Vespa imelala ubavuni kwangu, niliona kijana hakukosea. Kila swichi ina siku yake ya kufa. Hakuna fundi wala kiwanda kitakachokuuzia isiyokufa, hasa katika kisiwa hiki ambapo chumvi inakula hata misumari ya milango. Unachoweza kuchagua ni ikifa ifie wapi. Ya ndege imepangwa ifie kwenye kuwaka, maana juu hapana pembezoni pa kuegesha. Yale magari ya Marekani swichi zake zilifia kwenye kuzima, watu wakiwa mbioni, na ndiyo maana swichi ikawa msiba. Kosa la baraza letu lote, na la wauza ving'ora, ni kuichukua swichi ambayo kazi yake ni kutawala injini na kuitwika kazi ya askari. Ukiongeza kufuli, siri na king'ora kwenye waya ule ule, umeongeza mahali pa kukatikia. Mwizi anahitaji sekunde chache tu kuzishinda kinga hizo, wewe unaishi nazo kila siku.

Kwa hiyo mambo ya mwizi nimeyaondoa kwenye umeme kabisa. Usukani unafungwa kwa loki yake. Bomba la mafuta linafungwa kila nikishuka, na mvuvi mstaafu nimemlipia kahawa. Kwenye umeme nimebakisha vitu viwili: swichi mpya ya kawaida yenye ufunguo mmoja mwepesi usio na ndugu, na kitufe cha kuzimia karibu na kidole gumba chenye waya wake mbali, ili mmoja ukikatika mwingine uwepo. Hilo la pili nimeliiba kwa warusha ndege wanaobeba magineto mbili. Waya zote zinapita kwenye pete za mpira. Breki zimetengenezwa, kwa amri ya akina mama wa Bwejuu.

Swichi ya ndege imerudi Fuoni kwenye boksi lake la viatu. Mpwa wangu ameifungulia daftari la kumbukumbu, kama inavyotakiwa kwa vifaa vya ndege, na ameandika safari zake zote kwa wino: Mkunazini mpaka shuleni, Mkunazini mpaka Bwejuu, kimo sifuri, hitilafu moja, majeruhi mmoja wa mkono, amepona. Juzi dada yangu alimuuliza tena habari za mabawa, maana anataka kuanika nguo. Kijana akasema subira kidogo. Kwa sasa anatafuta honi.